Mjadala: Deni la Taifa "himilivu" kwa kipimo kipi?

Mdau wa Igoma (mleta mada): Kila bajeti ikisomwa Tanzania tunaambiwa deni ni himilivu, yaani nchi inaweza kulibeba na kulilipa. Vipimo ni vya IMF na Benki ya Dunia: kwa kundi letu, la nchi zenye uwezo wa kati wa kubeba deni, thamani ya sasa ya deni lote (malipo ya miaka ijayo yakihesabiwa kwa thamani ya leo) isivuke 55% ya Pato la Taifa, na deni la nje lisivuke 180% ya mauzo ya nje. Sawa, tumo ndani. Ila Pato la Taifa haliendi benki kulipa riba. Inayolipa ni kodi, nayo haifiki 15% ya pato hilo. Tuanze na kipimo cha 18%: malipo ya deni la nje kwa mwaka yasivuke 18% ya mapato ya Serikali.

Kirumba: Nakuunga mkono mkuu. Dhahabu ya Geita inanenepesha kipimo cha mauzo ya nje, lakini dola zile ni za mwenye mgodi. Hazina inaambulia mrabaha (malipo ya mgodi kwa Serikali kwa thamani ya madini) 6%, ada ya ukaguzi 1% na kodi ya mapato.

Nyegezi: Sasa tukope ndani? Pigeni hesabu basi. Hatifungani (hati ambayo Serikali inakopea) ya miaka 20, Sh bilioni 100, riba 12%: kila mwaka bilioni 12, jumla bilioni 240, halafu ikiiva bilioni 100 kwa mpigo. Na benki ikipata 12% bila jasho, nani atahangaika kumkopesha mwenye kiwanda cha minofu ya sangara?

Igoma: Umeacha kushuka kwa shilingi. Mkopo wa dola milioni 100, dola ikiwa Sh 2,300, ni Sh bilioni 230; kwa 2,700 ni bilioni 270, na hujaongeza hata senti ya mkopo. Tuulize mradi unaingiza fedha gani. Daraja la Kigongo–Busisi, la ziwani hapa Mwanza, haliingizi dola, ndiyo maana kulijenga kwa fedha za ndani ilikuwa sahihi. Reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka abiria wake watalipa shilingi. Dola tunazitegemea kwa mzigo wa Uganda, kupitia Ziwa Victoria hadi Port Bell, bandari ya Kampala.

Kirumba: Msisahau madai ya wakandarasi. Hati ya malipo (ya kazi iliyokamilika) ikichelewa kulipwa, mkataba unadai riba, na madai ambayo hayajahakikiwa huyaoni kwenye takwimu za deni.

Nyegezi: Hilo sibishi. La Port Bell nabisha. Meli ya MV Umoja inabeba mabehewa ya reli ya upana wa mita moja, na reli ya Uganda ni hiyohiyo. SGR ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo behewa lake haliendi ng'ambo: kontena lishushwe Mwanza, lipakiwe melini, lishushwe tena. Mombasa hadi Kampala lori linapakia mara moja. Leteni bei ya tani moja kwa njia zote mbili, ndipo tuhesabu dola.