Maboksi 62 niliyokatwa kwa madai ya ubovu yako wapi?

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Tangu Januari ninafungasha zawadi nyumbani kwangu, Mbagala, kwa ajili ya muuzaji wa mtandaoni: kikombe, chokoleti na kadi ndani ya boksi, kisha utepe mwekundu juu. Malipo ni shilingi 150 kwa boksi. Gundi na selotepu nanunua mwenyewe, na umeme wa kukesha nalipa mwenyewe.

Kuelekea Siku ya Wapendanao nilipewa maboksi 400. Niliyafunga kwa siku nne, sakafu ikiwa imejaa hata pa kutandika mkeka wa mtoto pakakosekana, na tarehe 12 Februari bodaboda akayachukua yote. Nilistahili shilingi 60,000. Ziliingia 19,700, pamoja na ujumbe kwamba maboksi namba 335 hadi 396 ni mabovu, hivyo hayalipwi, na kwa kila moja nimekatwa shilingi 500 za vifaa.

Ni ubovu gani huo unaofuata namba, usiruke hata boksi moja? Niliomba nirudishiwe niyaone, nikaomba hata picha, sikujibiwa. Tarehe 15 jirani yangu akanionyesha zawadi aliyoletewa na mumewe, nami nilipoligeuza boksi nikakuta chini yake karatasi ya namba 351, kwa mwandiko wangu. Limeuzwa kwa bei kamili, na mimi nimelilipia!

Nilipolalamika niliambiwa kwamba mimi si mwajiriwa, ni "mshirika". Mshirika gani anayepangiwa bei, muda na hata namna ya kukunja utepe? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia kuwa mwajiriwa mtu anayefanya kazi chini ya maelekezo ya namna hiyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo hairuhusu mtu akatwe fedha za hasara bila kuelezwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kupinga, wala makato hayo kuzidi robo ya ujira. Mimi nimenyang'anywa theluthi mbili.

Siku 60 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hazijaisha, na Jumatatu nitakuwa pale. Waliofungasha msimu huu wakakatwa kwa mtindo huu, tafadhali msifute ujumbe wowote mliotumiwa, na kama mliandika namba kwenye maboksi yenu, niandikieni.