Binti katimiza 18 anaenda chuo, asaini makaratasi gani?

mama_kijana: Jamani wazazi mlio huku Marekani, binti yangu anahamia chuo jimbo jingine, nasikia akiugua daktari anaweza kukataa kuniambia chochote eti ni mtu mzima, kweli?

juma_k: Kweli dada. Akifika 18, majimbo mengi yanamhesabu mtu mzima, na sheria ya HIPAA ya 1996 inalinda taarifa zake za matibabu. Asaini fomu ya kuruhusu upewe taarifa, halafu nyingine ya kukuteua umwamulie matibabu akiwa hajitambui, hizo ni mbili tofauti na watu wanazichanganya sana.

bi_zuu: Na hati ya uwakili, yaani ya kukuruhusu umshughulikie mambo ya fedha, benki, pango, kodi. Kila jimbo lina fomu zake, bora ajaze za jimbo lenu na za jimbo la chuo, skani muweke kwenye simu. Matokeo ya masomo nayo ni yake, FERPA, sheria ya faragha ya rekodi za elimu, inampa haki hiyo akishaingia chuo hata kama ana 17.

msomi_wa_pili: Mimi mwanafunzi, naomba msimlazimishe. Anaweza kuchagua mambo gani muyajue na yapi abaki nayo, na ruhusa anaweza kuifuta baadaye, mwambieni hilo mapema atasaini kwa moyo mweupe.

mama_kijana: Asanteni sana, leo jioni nakaa naye.