Chumba kimejaa viroba, kazi mpya ya stoo inaanza alfajiri: nianzie wapi?

Mgeni wa Buhongwa
Habari za jioni wakuu. Hii ni wiki yangu ya tatu ya ukarani wa stoo kwenye kiwanda cha samaki huku Ilemela, Mwanza. Natoka Buhongwa saa 11:30 alfajiri, narudi saa 2 usiku. Nimepanga chumba na sebule, na vitu nilivyohama navyo bado vimo kwenye viroba na maboksi: nguo, vyombo, madaftari ya chuo, rundo la waya na chaja, redio mbovu, madumu tisa ya maji. Asubuhi natafuta soksi kwa tochi ya simu. Jumamosi nafanya kazi hadi mchana, hivyo siku nzima ya kupanga sina. Kazini nako karatasi zimenizidi. Naomba utaratibu wa mtu mwenye dakika chache. Nianze na chumba au na meza ya kazini?

Bi Mkubwa Kirumba
Hongera kwa kazi, mwanangu. Anza na chumba, lakini kwa sasa shughulikia njia yako ya asubuhi tu. Hesabu kila unachogusa tangu unaamka hadi unafunga mlango: mswaki, nguo, viatu, kitambulisho cha kazi, funguo, nauli, chaja. Vyote vikae upande mmoja, karibu na mlango. Misumari mitatu ukutani na kopo moja vinatosha. Nauli ya wiki nzima ivunje chenji Jumapili uiweke kwenye kopo hilo, maana konda wa alfajiri hana chenji ya elfu kumi.

Nguo za kazi piga pasi zote Jumapili mchana, seti sita kwenye enga. Soksi na nguo ya ndani zitie kwenye mfuko mdogo uning'inie kwenye enga hiyohiyo. Umeme ukikatika saa 11 alfajiri haukuhusu tena.

Sasa viroba. Usitoe vyote kwa pamoja. Ukitoa vyote, saa 4 usiku kitanda kimejaa, umechoka, utavirudisha vilivyokuwa. Kiroba kimoja kwa usiku mmoja, mara tatu kwa wiki, alamu ya dakika 20. Mimina kwenye mkeka, si kitandani. Mafungu mawili tu: kinabaki, kinatoka. Fungu la "nitaamua kesho" silipendi hata kidogo, ndilo linalokaa miaka mitano chini ya kitanda.

Anza na waya na chaja, hazina kumbukumbu za kukutia huruma: chomeka, isiyopeleka moto itoke. Kisha vyombo, kisha nguo. Picha, barua na vitu vya marehemu viwe vya mwisho kabisa. Ukianza navyo utakaa unaviangalia hadi alamu ilie.

Cha kutoka kitoke kesho yake asubuhi unapokwenda kazini. Kiroba kikilala siku tatu mlangoni utaanza kuchokoa vitu ndani yake. Na usipange safari ya kwenda kuuza nguo mbili tatu soko la Mlango Mmoja, hela utakayopata haifidii Jumamosi uliyoipoteza. Gawa hapo mtaani.

Kabati usinunue mpaka viroba viishe. Ukinunua leo utalipima kwa ukubwa wa takataka.

Mpangaji Mabatini
Naongezea kwa Bi Mkubwa: maboksi yasikae moja kwa moja kwenye sakafu ya saruji. Unyevu unapanda, boksi linalainika chini hadi ukilinyanyua kitako kinabaki sakafuni, na mende huzaliana kwenye ile mikunjo ya karatasi. Matofali manne na ubao juu yake, uache nafasi ya kiganja kati ya mzigo na ukuta. Mvua za Machi hadi Mei ndizo zinaharibu nguo na vyeti zaidi.

Madumu: tisa ya lita 20 ni lita 180. Mtu mmoja wa kubana matumizi anatumia lita 40 hadi 50 kwa siku. Uliza majirani maji yanatoka mtaani kila baada ya siku ngapi. Kama ni siku moja ndiyo moja hapana, madumu matano yanatosha. La kunywa litie alama lisichanganywe na mengine. Yale ambayo kifuniko hakishiki ndiyo ya kwanza kutoka.

Leja na Kadi
Ndugu, nakuja kwenye meza ya kazini. Karatasi za stoo hujaa kwa sababu moja kubwa: zinaachwa zikiwa nusu. Mzigo ukiingia kuna karatasi tatu, yaani oda ya manunuzi, hati ya mleta mzigo na fomu yako ya kupokelea. Zibane pamoja palepale. Ikikosekana moja, zilizopo zitie kwenye trei yake peke yake yenye maneno "HAIJAKAMILIKA". Trei hiyo ndiyo kazi yako ya dakika 20 za mwisho kila siku. Zilizokamilika ziingie kwenye faili kwa tarehe, mpya juu.

Kadi ya stoo, ile ya kuandikia idadi ya kila kitu, ijazwe kitu kikiwa bado mkononi, kuingia au kutoka. Ukisema "nitajaza jioni", jioni utajaza kwa kukumbuka, na mwisho wa mwezi hesabu haitakubali. Usisaini hati ya dereva kabla hujahesabu, hata akipiga honi. Aking'ang'ania kuondoka, andika juu ya saini yako "mzigo haujahesabiwa", na nakala yake ibaki kwako.

Muulize msimamizi wako swali hili wiki hii: kipi kikikosekana stoo uzalishaji unasimama? Kiwanda cha samaki mara nyingi ni maboksi ya kufungashia, nailoni na klorini. Hivyo viangalie kila asubuhi kabla hujagusa kingine, na kiwango cha chini cha kila kimoja kiandike kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yake. Dharura nyingi zinazokubakiza kazini hadi usiku zinaanzia hapo.

Mgeni wa Buhongwa
Nimekuelewa mkuu, trei naanza nayo kesho. Zamu yangu inaisha saa 11 jioni lakini mara nyingi natoka saa 12 na nusu. Je, hilo lina utaratibu au ndiyo ugeni wa kazi?

Haki Kazini
Lina utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Haya hayawahusu viongozi wanaosimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, ila karani wa stoo yumo. Andika kwenye daftari lako saa ya kuingia na ya kutoka kila siku, kwa kalamu ya wino. Mazungumzo na ofisi ya utumishi yakifika, hilo daftari litakusaidia kuliko maneno.

Bi Mkubwa Kirumba
Na daftari hilo liwe na pahala pake nyumbani, pamoja na mkataba, vyeti, hati za mishahara na hati ya kuzaliwa. Faili moja lenye kifuniko, juu, mbali na dirisha. Karatasi za LUKU, yaani za kununulia umeme, tupa, ujumbe wa simu unatosha. Risiti ya kitu chenye waranti ipige picha siku hiyohiyo, maandishi ya zile za mashine hufifia kwa joto.

Viroba umebaki na vingapi?

Mgeni wa Buhongwa
Saba, Bi Mkubwa. Cha waya nakimimina leo.