Kaifuta boneti ya Morris yangu kwa THINA mbele ya shemegi yangu!! Nishikeni

KijanaWaKikwajuni

Salamu baadaye, mtanisamehe. Natoka kwake sasa hivi na naandika kwa kidole kimoja, cha pili kina rangi.

Simtaji jina. Sina haja, mnamjua nyote. Yule anayepiga rangi chini ya mwembe, redio ya taarab juu ya tairi bovu, redio haijazimwa tangu Jumbe yuko madarakani. Ukimuuliza gari lini, anakwambia "kesho inshallah", na hiyo kesho ishapata wajukuu. Huyo huyo.

Nimekwenda na Morris Minor ya marehemu baba. Nayo mnaijua, ile ya bluu, nusu ya maharusi wa Ng'ambo wamepanda nyuma pale. Baba aliipigisha laka, hii NC ya nitroselulosi, miaka ya themanini, koti jembamba juu ya koti jembamba, kila koti msasa wa maji, mwisho poloshi kwa mkono, mpaka mtu ananyolea ndevu kwenye boneti. Sasa imechoka, milangoni kutu inachungulia, nikasema niirudishe. Nikamchukua na shemegi yangu aliyekuja kutoka Muscat, ambaye, nieleweni vizuri hapa, ndiye aliyesema atatoa nusu ya gharama.

Nimemwamkia. Nimeuliza swali moja la adabu: "Fundi, tuirudie laka ileile, au tuipige yurethani, hii tu-kei ya vitu viwili, rangi unaichanganya na hadina ya kuigandisha? Wewe unaonaje?"

Hakujibu. Kainama, kaokota tambara ambalo zamani lilikuwa fulana ya mtu, kalichovya kwenye kopo la thina, ile ya kuyeyushia rangi, AKAFUTA BONETI. Pale kati. Si pembeni. Si kwa ndani. Kati! Bluu ya baba yangu ikahamia kwenye fulana. Akaining'iniza mbele ya uso wa shemegi: "Unaiona? Hii si rangi, hii krimu. Huyu kaleta keki, hakuleta gari."

Baraza zima likaanguka. Kuna mzee alimwaga kahawa ya watu watatu.

Jamani, NAJUA laka inatoka kwa thina! Nani hajui? Laka haikauki kwa kuungana na kitu, inakauka thina ikiruka tu, ukiirudishia thina inarudi maji. Ndiyo tabia yake na ndiyo raha yake. Koti jipya linayeyuka kidogo na la zamani, yanashikana yanakuwa kitu kimoja, mkwaruzo unautengeneza hapohapo, unasugua, kwisha. Lakini kwa kuwa inatoka ndiyo uitoe? Kipimo hicho hakipimiki ndani ya mlango? Hakipimiki chini ya kibao cha namba? Lazima kati ya boneti, mbele ya mtu wa Muscat?

Halafu akaongeza: "Laka mpelekee seremala, ya makabati hiyo." Na kwa nini nipige tu-kei, hakusema. Hakutaja jua, hakutaja chumvi, hakutaja bei. Hoja yake yote ni fulana.

KAFUTA. Sijawahi kuona.

KahawaTungu

Nimesoma yote nikitafuta kosa la fundi. Umeuliza laka au yurethani, yeye kafuta, imetoka, umejibiwa. Ingekuwa ya hadina imekauka sawasawa angesugua mpaka magharibi isihame. Somo la bure hilo, mlipe.

BiMkubwaWaBububu

Pole mwanangu. Lakini hapo kwa shemegi umeparukia. Alisema nini?

KijanaWaKikwajuni

Hakusema, bi mkubwa. Alicheka. Alicheka mpaka akashika madigadi ili asianguke, na madigadi yenyewe ilikuwa na thina. Sasa doa mbili. Njia nzima kurudi kimya, tunapofika Michenzani ananiambia "Shemegi, hiyo nusu wacha kwanza niifikirie."

BiMkubwaWaBububu

Basi hela imeruka kabla ya thina 😂 Nisamehe mwanangu.

RangiKonde

Mie niko Pemba na hii ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niruhusuni nikosoe wote wawili.

Fundi wenu hana adabu, hilo limekwisha. Lakini gari inayolala nje, upepo wa bahari, jua la saa saba, mimi naipiga hadina. Yurethani inaganda kwa hadina kuungana na rangi, ikishaganda petroli ikimwagika unaipangusa tu. Laka ikimwagikiwa usipowahi inaacha alama. Na ukiipiga laka nzito ukasema ndiyo uimara, jua linakuja kuichana vistari vistari boneti nzima. Hiyo ya marehemu imedumu kwa sababu ilipigwa nyembamba na ikalala ndani.

Jengine, na hili usimwachie huyo wa redio aamue: ASIPIGE HADINA JUU YA LAKA YA ZAMANI. Zile thina za kwenye tu-kei zinaichokoza laka ya chini, inafumuka, inajikunja, na pesa umeshatoa. Toa laka yote mpaka bati, kutu itazamwe, praima ya epoksi, ndiyo uje na rangi.

KijanaWaKikwajuni

Nashukuru fundi wangu, angalau wewe unatumia mdomo si fulana. Lakini mwembe umeusahau. Pale hakuna chumba cha kupigia rangi, kuna mwembe. Tu-kei inakaa mbichi muda mrefu, vumbi, mbu, ua la mwembe, vyote vinaingia humo, na klia, lile koti la juu lisilo na rangi, linavihifadhi milele. Laka inakauka kabla nzi hajaamua atue wapi. Baba alikuwa anajua alichokuwa anafanya. Mtu wa kumfuta baba yangu kwa fulana hajazaliwa, ila leo kazaliwa na kafuta.

RangiKonde

Hapo una haki. Bila chumba, laka inakusamehe. Ila usiipige masika. Thina inaruka mbio, bati linapoa, unyevu unaikalia rangi, unaona boneti inaota weupe, bluu inakuwa maziwa. Ngoja siku kavu, au tafuta thina ya kuchelewa kuruka.

MchambuziMkuu

Wakuu, naona mjadala hauna historia. Mwanzoni magari yalipakwa rangi za mafuta na vanishi kwa brashi, kazi ikichukua wiki kadhaa kwa kungoja kukauka tu. Mwaka 1923 DuPont wa Marekani wakaitoa Duco, laka ya nitroselulosi, hiyo NC yenu, na General Motors wakaiweka kwenye Oakland za 1924. Kazi ya wiki ikawa ya siku, na rangi za kuchagua zikawa nyingi. Baadaye katika miaka ya 1950 ikaja laka ya akriliki, iliyostahimili jua zaidi. Kwa hiyo kusema laka ni ya makabati ni

KahawaTungu

Shekhe, kuna aliyekuuliza?

MchambuziMkuu

Nimebonyeza kabla sijamaliza.

KahawaTungu

Ishapendeza hivyohivyo.

VespaNyekundu

Nyamazeni, mie namjua huyo mwembe kuliko nyote. Nilimpelekea Vespa. Asubuhi kachanganya rangi na hadina kikombe kizima, adhana ya adhuhuri kenda kuswali, Mungu akubali, akapitia urojo, akapitia bao, karudi alasiri rangi imeganda kwenye kikombe, kijiti kimesimama chenyewe! Ananitazama mie: "Rangi yako haina subira." Nikalipa ya pili. NIKALIPA.

KijanaWaKikwajuni

Haya, mnaona sasa? Mtu asiyejua kwamba hadina ikishachanganywa ina saa zake anamcheka mwenye laka! Laka iliyobaki unafunika kopo, unakwenda bao lako, unarudi, unaendelea. Na bado kaifuta boneti. Hivi hiyo fulana kaiweka wapi? Naitaka. Ina rangi ya baba yangu.

KahawaTungu

Iweke fremu ukutani, uandike "Miaka ya themanini–leo alasiri".

RangiKonde

Wakati mnacheka, kaulizeni anavaa nini usoni akipiga tu-kei.

VespaNyekundu

Barakoa ya kitambaa, ya wakati wa Korona. Ileile moja. Akivuta sigara anaishusha kidevuni.

RangiKonde

Hilo ndilo lingekuwa la kufungulia uzi. Hadina ina isosayaneti, kemikali yenye sumu ukiivuta. Kitambaa hakizuii kitu. Inataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na watoto wakae mbali na mwembe. Ikishakuzoea kifuani inakupa pumu, na baadaye hata harufu kidogo tu inakukaba. Nimeona fundi mzuri kaacha kazi kwa hilo, sasa anauza machungwa. Laka nayo si peremende, mvuke wake unalewesha na unashika moto, sigara kando. Lakini hadina ni balaa jengine.

BiMkubwaWaBububu

Ewe mwana, mwambieni basi huyo mtu, mnamcheka na kumbe anajiua. Ana mama yake yule.

KijanaWaKikwajuni

Nitamwambia bi mkubwa. Akinirudishia boneti.

PijoYaMjomba

Samahani naingilia. Mjomba ana Peugeot 404, bampa ya nyuma imekufa. Mwenye nayo aseme. Rangi yoyote, nitapiga mwenyewe.

KahawaTungu

Utapiga laka au yurethani? Usijibu, fundi anakuja na fulana.

NyumbaYaPiliKushoto

Nyinyi mna shida za matajiri. Boneti! Mie fundi friji kanifungulia friji tangu mwezi wa Shaabani, kachukua mota "akaipime", na mota imekwenda kupimwa mbinguni. Ramadhani nzima tumekunywa juisi ya moto.

VespaNyekundu

Wa pale penye ngazi?

NyumbaYaPiliKushoto

Huyo huyo!!! Na wewe kakuchukulia mota?

VespaNyekundu

Kanichukulia friji zima.

KijanaWaKikwajuni

Wakubwa, tunaomba turudi kwenye boneti. Kati ya boneti. Thina. Shemegi.

ShonaUpesi

Friji nini? Njooni kwa mafundi cherehani. Kanzu yangu ya Idd nimeletewa siku ya Idd, baada ya sala, mkono mmoja mrefu mmoja wa kaptula. Namuuliza, ananiambia "kitambaa kimejivuta". Upande mmoja tu?

BiMkubwaWaBububu

Kwa watu wa cherehani msinianze. Dera langu nililompa kwa harusi ya mdogo wangu nimemkuta nalo mkewe, kalivaa, katoka nalo, kapendeza. Nifanyeje? Nikamsifu.

KahawaTungu

Ulimsifu!

BiMkubwaWaBububu

Lilimkaa, mwanangu. Mie lingenibana.

KijanaWaKikwajuni

Kwa hiyo laka au yurethani? Kura basi. Shemegi anaondoka na ndege ya Alhamisi, na ameniomba picha ya boneti awaonyeshe wenziwe Muscat. Si kwa wema.

RangiKonde

Ukiwa na pa kuilaza ndani na huna chumba cha rangi: laka, siku kavu, koti jembamba. Ikilala nje: hadina, bati tupu, mtu mwenye chumba na barakoa ya maana. Ukija Pemba naifanya mwenyewe, meli utalipia wewe.

MchambuziMkuu

Naendelea nilipokatizwa. Tofauti ya laka ya akriliki na ile ya nitroselulosi ni kwamba

ShonaUpesi

Nani anamjua mshonaji kanzu anayemaliza kabla ya siku yenyewe? Nauliza kwa dhati.

PijoYaMjomba

Bampa jamani.

NyumbaYaPiliKushoto

Yupo mmoja Mlandege, hodari, ila hapokei kazi baada ya nusu ya Ramadhani. Ukimpelekea leo ya mwakani utaipata.

KahawaTungu

Kwa kuwa tumefika kwenye nguo: nina kofia ya viua, saizi 22, mpya, mshonaji kakipima kichwa cha mtu mwengine. Anayeitaka anitumie ujumbe, bei tutasemezana.

VespaNyekundu

Nyeupe tupu au ina kahawia?