Karakana ya nguzo za mkaratusi, mita 6 kwa 9

Wakuu, nataka banda la useremala, bajeti ya kuungaunga. Nguzo ngapi, na mashimo yaende chini kiasi gani?

— Nguzo 10 zilizotiwa dawa, kila mita 3 kuzunguka. Shimo sm 90, chini kokoto sm 10. Ukikata nguzo, upande uliokatwa uelekee juu: dawa haifiki kwenye kiini, mchwa wataanzia hapo.

— Naongezea mkuu: kabla ya kumwaga zege, pigilia misumari ya inchi 6 kwenye kitako cha nguzo, iingie nusu tu, nusu ya nje ishikwe na zege. Upepo ukiinua paa, nguzo haichomoki. Zege liishie juu ya ardhi, literemkie nje.

— Bati geji 28 (geji ni kipimo cha unene; namba ikipanda, bati ni jembamba zaidi). Geji 32 ni hasara. Msumari mgongoni mwa wimbi, bondeni patavuja.