Baba alikufa kwa kansa ya utumbo. Je, na mimi naibeba kwenye damu?

Kijana wa Kirumba:
Habari zenu wakuu. Baba alifariki mwaka juzi kwa kansa ya utumbo mpana, akiwa na miaka 58. Mama mdogo ananiambia "hiyo ni ya ukoo, imo kwenye damu yenu", na tangu hapo silali vizuri. Nina miaka 36, nauza vipuri vya injini za mitumbwi.

Kinachonichanganya ni babu, aliyemzaa baba. Alikufa mzee kabisa kule Sengerema, tumbo halikuwahi kumsumbua. Maisha yake yote alikula ugali wa mtama, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na dagaa. Baba alihamia mjini akiwa kijana, akaendesha lori la samaki, akawa anakula njiani: chipsi, soseji, soda, nyama usiku. Damu ni ileile, sahani ndiyo imebadilika. Chakula kinaweza kugusa jeni kweli?

Mwalimu Nyegezi:
Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Nafundisha baiolojia sekondari, na mama yangu naye aliondoka kwa kansa. Swali lako nimeliishi.

Chakula hakigusi jeni kwa namna moja tu. Mara nyingi maandishi ya jeni yenyewe yanabaki vilevile, kinachobadilika ni jeni ipi inasomwa na ipi imenyamazishwa. Uzi wa DNA, unaobeba jeni, umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama mshipi kwenye kijiti chake. Ukikazwa, hausomeki. Sasa chukua michembe na nsansa za babu. Nyuzinyuzi zake tumbo haliziwezi, zinafika utumbo mpana, na huko bakteria wanazichachusha na kutoa kitu kinachoitwa butireti. Hicho ndicho chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na pia kinazuia vimeng'enya vinavyoukaza ule uzi. Jeni zinazozuia seli zisigawanyike hovyo zinapata kusomeka, na inflamesheni, yaani ule uvimbe wa mwili kujitetea, inapoa.

Inflamesheni si adui. Ukijikata unapara samaki, panavimba, panapata moto, panapona. Mbaya ni ile isiyozimika miaka na miaka: seli zinaumia, nyingine zinagawanyika kuziba pengo, na kila mgawanyiko unaweza kuleta kosa.

Usidhani ni habari za Ulaya. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro, wanaume 77. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki 2, na dalili za inflamesheni kwenye damu zikapanda. Watu wa mjini waliorudishwa kwenye maharage, ndizi, mihogo na mboga, zikashuka. Wiki 2 tu! Haukupima kansa, lakini mimi ulinitosha kubadili jiko langu. Na soseji zina kesi yao tayari: mwaka 2015 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku zinaongeza hatari ya kansa ya utumbo mpana kwa asilimia 18.

Dada wa Mwaloni:
Mwalimu asante, ila niongeze. Mimi nauza dagaa na karanga. Cha asili si lazima kiwe salama. Nsansa ukiiunga kwa karanga zilizoota ukungu, unakula sumukuvu, na kuipika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chambueni karanga jamani, zilizosinyaa na zenye rangi tupeni, hata kama zimekugharimu.

Mwalimu Nyegezi:
Umesema kweli dada. Na sumukuvu inabadilisha maandishi yenyewe ya jeni, ndiyo maana inaleta kansa ya ini.

Kijana, mama mdogo naye asipuuzwe. Zipo familia chache zinazorithi jeni yenye kasoro, na ukiwa na mzazi aliyeugua hatari yako iko juu kuliko ya wengine. Nenda hospitali ya Bugando, waeleze habari za baba, uliza kuhusu kipimo cha kamera ya kuchungulia utumbo. Ukiona damu kwenye choo usisubiri michembe ikutibu.

Kijana wa Kirumba:
Nimemsomea mke wangu yote. Jumanne sifungui duka, naenda Bugando. Dada wa Mwaloni, nsansa iliyokaushwa vizuri naipata kwa nani hapo sokoni?