Mrejesho: vile vipande vya shaba vya marehemu babu

Wakubwa kwa wadogo, asanteni sana. Niliwauliza kuhusu kopo la sarafu alilotuachia babu hapa Lubumbashi, lenye vipande ambavyo havina hata thamani iliyoandikwa: je, ni pesa kweli?

Ushauri wa kutazama tundu ndio uliofungua njia. Sarafu za shaba za Leopold II, mfalme wa Wabelgiji aliyeitawala Kongo, zile za 1887 na 1888, zina tundu katikati kabisa, na nyota. Vyangu vina tundu pembeni, karibu na ukingo, na namba iliyogongwa kwa mkono: 4 imelala upande, 7 imezama kuliko wenzake. Nilimpelekea mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo hapa mjini aliyezeekea kwenye karakana za migodi. Hakuuliza mara mbili. Ni jetoni za vifaa: unachukua nyundo, jetoni yako inabaki kwenye msumari ukutani mpaka uirudishe. Basi si pesa.

Kile cha pembe sita chenye tembo kilikuwa pesa kweli, franka 2 za Kongo ya Wabelgiji, 1943. Na zile zenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili ni za Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, 1961.

Ndimu na majivu sikutumia, mnisamehe mliopendekeza; niliosha kwa maji na sabuni tu.

Kimoja kimetushinda, hata mzee alikirudisha. Kina pembe nane, hakina tundu, herufi zimelika, inasomeka K peke yake. Mwenye kukijua aniambie.